Kisanduku cha Langoni

Duluth, Minnesota
Alhamisi, 9 Oktoba 1986

Bwana Wrobel,

Barua hii si ya kuchapishwa. Naanza na hilo kwa sababu naujua mtindo wa gazeti lenu la Kurunzi. Mtu akiwaandikia kwa uchungu, mnaitoa barua yake nzima, kisha chini yake mnatia kejeli ya mstari mmoja, na Jumatano mji wote unacheka juu ya kahawa. Hii ni yako peke yako. Ukiichapisha nitapanda mwenyewe hadi hapo ofisini kwenu juu ya duka la viatu, na marehemu mama yako Jadwiga atanisamehe kwa nitakachokufanya. Nimepakua viazi naye jikoni mwa shule miaka mingi. Nakujua tangu unatoka kamasi.

Jana nilichukua Kurunzi kwenye kisanduku chenu cha pale langoni mwa kiwanda cha karatasi, mbele ya nyumba yangu. Nikaona picha ya mume wangu Reino ukurasa wa kwanza. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikadhani hatimaye kuna mtu ameandika kwamba Reino alikuwa fundi. Ndipo nikasoma sentensi ya kwanza: "Siku mashine ilipomuua, Reino Haapala alikuwa amelewa." Ya pili sikuihitaji.

Kiwanda kinasema hayohayo tangu Juni. Alijiua kwa pombe yake, walisema, na chama cha wafanyakazi kikaitikia. Ndiyo maana jina lake halimo kwenye ule ubao wa shaba wa ukumbini, ubao wa waliofia kazini. Baba yake yumo, mjomba wake yumo, Reino hayumo. Nilikuwa najifariji kwamba hayo ni maneno ya midomoni, yatapita. Sasa nyinyi mmeyapiga chapa mkayaweka barabarani bure, kila apitaye ajichukulie.

Hata kumtukana marehemu mnatukana bure!

Lempi Haapala


Duluth
13 Oktoba 1986

Bi. Haapala,

Nilianza kuisoma barua yako nimekaa. Nilipofika kwenye kamasi nikajikuta nimesimama.

Haitachapishwa. Nimeiweka mfukoni mwa koti, si kwenye trei ya barua za wasomaji, maana mbele ya trei ile hata mimi sijiamini.

Sentensi ile niliiandika mimi, na niliitanguliza makusudi. Kiwanda kina silaha moja tu, nayo ni chupa ya Reino. Ningeificha, wao wangeitoa wiki inayofuata, na kila kilichobaki kwenye habari yetu kingeonekana uongo. Kwa hiyo nikaitoa mwenyewe, nikaiweka mezani, nikaendelea na mengine. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa, linalouma ndilo linalotangulia. Lakini sikumfikiria mtu ambaye angeishia hapo kwa kuwa picha ni ya mumewe. Kwa hilo naomba radhi, bila utani.

Nakusihi ufike ukurasa wa kumi na nne. Kuna mtu aliyekuwa karibu na Reino siku ile, naye amesema aliyoyaona. Aliniomba wewe uyasome kwa maneno yake, si kwa yangu, nami nilimwahidi. Sitakufupishia.

Shida ni kwamba gazeti lenyewe halipatikani. Jumatano, kabla hata ya saa ya chakula cha mchana, visanduku vyetu vilikuwa vitupu kuanzia langoni kwenu hadi bandarini. Wameyazoa hata ya mikahawani. Nilikwenda polisi, na sajenti akanicheka usoni: "Kaz, kitu cha bure kinaibwaje?" Ofisini zimebaki nakala mbili. Moja nimeitoa kivuli, imo kwenye bahasha kubwa inayokuja pamoja na barua hii.

Na swali moja. Dirisha lako linatazama kisanduku cha langoni. Hukumwona mtu akikimwaga?

Kazimierz Wrobel (Kaz)


Duluth
20 Oktoba 1986

Bwana Wrobel,

Bahasha yako kubwa nimeitia kwenye jiko la sauna bila kuifungua. Usisumbuke kutuma nyingine. Sauna ile Reino aliijenga kwa mkono wake nyuma ya nyumba, na wiki hizi naiwasha kila jioni, naketi mle mvukeni mpaka nishindwe kupumua, kwani ndipo mahali pekee ambapo mtu akitokwa na maji usoni haulizwi. Walau karatasi yenu imefanya kazi ya maana.

Unaniambia nisome mpaka mwisho. Wewe ukipigwa kofi huwa unangoja kusikia hotuba ya aliyekupiga?

Juzi alikuja mtu wa kiwanda, amevaa tai, amebeba keki. "Bi. Haapala," akasema, "saini hapa tu, kwamba Kurunzi wameandika uongo kuhusu mumeo, sisi tutashughulikia mengine." Nikamuuliza, uongo upi, ule mliousema nyinyi kwanza? Akawekaweka tai yake. Nilimwambia sisaini karatasi ya mtu, si yake wala ya Kurunzi, aondoke na keki yake. Usifikiri nimefanya hivyo kwa ajili yako.

Kuhusu kisanduku, sikumwona mtu.

Lempi Haapala


Duluth
6 Novemba 1986

Bi. Haapala,

Sasa naandika nimeshika roho mkononi.

Labda hukuona toleo lililofuata. Nilitoa kichwa cha habari cha ukurasa mzima: KIWANDA KIMEIBA GAZETI LAKO. Nilikuwa na hakika. Nani mwingine angetaka ukurasa ule usisomwe? Nilipoulizwa ushahidi nikajibu kwa kejeli, kama kawaida yangu. Kiwanda kikanishitaki kwa kukichafulia jina. Kumbe kumwita mtu mwuaji kwa ushahidi kunavumilika, ila kumwita mwizi bila ushahidi kunafikishwa mahakamani.

Tangu hapo maji yamezidi unga. Duka kubwa la vyakula limeondoa tangazo lake, muuza magari ameondoa la kwake, na wote wana maneno yaleyale mdomoni, kana kwamba wamefundishwa darasa moja: "Si kwamba tunapinga uhuru wa kusema, Kaz, lakini unajua tena." Mpiga chapa, ambaye ananunua karatasi kwa unajua nani, hataki kurudia toleo la Oktoba hata nikimbembeleza. Kanisa la mtaa wa tatu limepiga marufuku kisanduku chetu mlangoni pake, kisa yale matangazo ya ukurasa wa mwisho ya wanaotafuta wenza. Mji ulikuwa unatuchukia kwa mambo mengi. Ulikuwa unangoja sababu tu.

Wakili wangu anasema nikimpata mtu mmoja tu aliyeona visanduku vikimwagwa, tumepona. Mwoka mikate wa kona ya bandari anakumbuka pikapu ya bluu. Kiwanda kina pikapu za bluu tele. Bi. Haapala, wewe unakaa kando ya lango. Hata kama hukuniambia mwanzo kwa hasira, sitakulaumu. Ukiona ulikuwa umesahau jambo, niandikie mstari mmoja. Najua hunipendi. Nakuomba kama mtoto wa Jadwiga.

Kaz


Duluth
12 Novemba 1986

Bwana Wrobel,

Nilikwisha kukujibu. Pikapu za bluu ni nyingi mjini.

Theluji imeanza. Usiniandikie tena.

L. Haapala


Duluth
28 Januari 1987

Bi. Haapala,

Uliniambia nisikuandikie, na hii ni kuaga tu.

Leo ni Jumatano ya kwanza bila Kurunzi. Nimezunguka na nyundo kung'oa visanduku, lakini vingine vimegandia kwenye barafu, nikaviacha. Cha langoni kwenu nacho kimebaki. Ukikiona, usidhani nimesahau, ni baridi.

Kesi imekwisha. Nimesaini kwamba nilisema uongo kuhusu wizi, kwamba naomba radhi, na kwamba sitaandika tena neno lolote juu ya kiwanda, popote, maisha yangu yote. Baada ya hapo wakanipa mkono. Yule wa tai alikuwapo, na keki ilikuwapo. Sikula.

Nahamia Fargo. Binamu yangu ana duka la samani, nitakuwa natunga matangazo yake. "Kochi la kumlaza baba, bei ya kumwamsha mama." Hilo la kwanza limekwisha pita.

Kinachoniuma si gazeti kufa. Magazeti kama letu hufa kila mwaka, yanazaliwa mengine. Kinachoniuma ni ule ukurasa. Mtu mmoja alijikaza akasema, na hakuna aliyesikia.

Anwani yangu mpya iko nyuma ya bahasha. Sijui kwa nini nakupa.

Kaz Wrobel


Duluth
17 Mei 1987

Kaz, mwanangu,

Leo nakuita hivyo, ukitaka utakataa.

Jumanne alibisha hodi mtu hapa kwangu, mkewe yuko kwenye gari, mtoto mchanga begani. Duane Lafave. Alikuwa akifanya kazi na Reino kwenye mashine ileile, nilimwona mara ya mwisho mazikoni, amesimama mbali makaburini. Nikamkaribisha, nikaweka kahawa. Hakuigusa. Akasema, "Mama Haapala, huyu tumemwita Reino. Nilitaka umwone kabla hatujahamia Oregon. Natumaini hukukasirika."

Nikamuuliza nikasirikie nini. Akaniangalia kama niliyemfanyia mzaha.

"Si ulisoma? Nilisema yote kwenye Kurunzi. Waliponifukuza kazi kwa ajili ya yale, nikasema haidhuru, Mama Haapala amesoma. Nikangoja simu yako. Nikasema labda ananichukia, kwa nini nimepona mimi."

Kaz, nilimwambia nilisoma. Uso wake ulikuwa hautazamiki, nikasema nilisoma, na kwamba nilikuwa na haya ya kupiga simu. Kisha nikamwomba anieleze tena kwa mdomo wake, akanieleza huku nimemshika mtoto.

Simu ya siku ile niliipokea mimi. Ilikuwa jioni ya Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, na sisi Wafini jioni ile tunawasha moto kando ya ziwa na kunywa, hakuna asiyejua. Msimamizi wa zamu alisema mashine imekwama na ni Reino tu anayeijua. Nikamwita Reino kutoka motoni. Mimi ndiye niliyemwita. Kiwanda kikasema baadaye hakuna aliyepiga simu, kwamba Reino alikuja mwenyewe kwa ulevi, na neno la mke likawa si kitu. Duane alikuwa amesimama pale Reino alipofika. Anasema Reino alimwambia msimamizi, "Nimekunywa mimi, mwite mtu mwingine," na msimamizi akacheka: "Wewe ukiwa umelewa unawashinda watu wangu wote walio wazima. Panda." Kizuizi cha chuma kilichofunika roli, yale magogo ya chuma yanayoviringisha karatasi, kilikuwa kimeondolewa wiki nzima ili kazi iende mbio. Mkono wa shati la Duane ndio ulionaswa. Reino alimsukuma. Roli zikamchukua yeye.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ukurasa wa kumi na nne.

Sasa nikwambie, na usome polepole. Pikapu ya bluu ni ya Reino. Magazeti niliyamwaga mimi. Asubuhi ile, baada ya sentensi yako, nilianza na kisanduku cha langoni, nikazunguka mji mzima, na katika mikahawa nilisema nachukua ya kuwashia sauna, kama wanavyofanya wote hapa. Wengine walinisaidia kubeba. Niliyachoma yote, jioni moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikimtazama Reino wa ukurasa wa kwanza akikunjamana, namwambia usijali, hakuna atakayekuona hivi.

Uliponiuliza nikakudanganya. Ulipouliza mara ya pili ningeweza kukuokoa kwa mstari mmoja, na nilinyamaza, tena kwa raha. Nilisema na wewe uonje.

Duane nilimwomba aje ukumbini kwa chama, awaambie. Alikataa. Alisema ameshasema mara moja. Amekwisha kwenda.

Sistahili kukuomba. Lakini ulisema zilibaki nakala mbili.

Lempi


Fargo
30 Mei 1987

Bi. Lempi,

Nimechana barua mbili kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa na matusi ya Kipolandi ambayo mama yangu alikufundisha bila shaka, ungeyaelewa. Ya pili ilikuwa ya upole wa uongo. Hii ni ya katikati.

Nimekukasirikia. Nilizunguka maegesho ya duka la samani mpaka binamu akatoka kuuliza kama naumwa. Niliwaita watu wezi mbele ya mji mzima, watu wenye dhambi chungu nzima, na nikawasingizia ile moja ambayo hawakuifanya. Halafu mwizi wangu alikuwa ameketi dirishani ananijibu barua. Nilitumia ujana wangu wote kupiga kelele kwamba serikali isitufunge mdomo. Katiba inanilinda na gavana. Sikuwahi kufikiria mjane mwenye pikapu.

Lakini nami nilikuuliza kuhusu visanduku, sikukuuliza ulikuwa unaishije. Na sentensi ile ilikuwa yangu. Ningeanza na mkono wa shati la Duane, ungesoma mpaka chini, na mji ungesoma. Nilijiona mjanja. Naiona kila ninapoandika "kochi."

Nakala mbili: moja niliitoa kwa mahakama na haikurudi. Nyingine ndiyo hii. Sina tena ya kwangu. Imekunjika kidogo, ilikuwa chini ya godoro.

Mimi siwezi kuichapisha wala kuitaja, nimesaini. Fanya utakavyo.

Kaz


Duluth
25 Juni 1987

Kaz,

Nimeisoma. Kwanza niliisoma yote nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena kwa sauti, nyumba ikasikia. Picha ile ya ukurasa wa kwanza ni nzuri. Anacheka. Mara ya kwanza sikuona kwamba anacheka.

Nilivaa vazi langu la kanisani nikaipeleka ukumbini kwa mwenyekiti wa chama. Aliisoma mpaka mwisho, namwona macho yanavyokwenda. Akaikunja vizuri akanirudishia. "Lempi," akasema, "gazeti hili lilikwisha kuomba radhi. Wrobel mwenyewe alisaini kwamba aliandika uongo." Nikamwambia ule uongo ulikuwa wa visanduku, si wa Reino. Akasema, "Ni saini moja. Watu hawatatenganisha." Nikamwambia visanduku nilivimwaga mimi. Akanihurumia, Kaz. Alidhani naongopa kwa ajili ya Reino. Akanisindikiza hadi mlangoni ameshika kiwiko changu kama mgonjwa.

Jina halimo, na sidhani litaingia nikiwa hai. Nililizima mimi, kwanza kwa moto, halafu kwa kukaa kimya. Nakwambia wewe kwa kuwa ndiye pekee ambaye siwezi kumdanganya tena.

Lakini nilipokuwa narudi nikakumbuka kitu. Wewe ulisaini, na Duane alikwisha sema yake akaondoka. Yule wa tai alinijia na keki, na mimi sikusaini chochote.

Kisanduku chenu cha langoni bado kipo. Barafu imekiachia zamani, kutu imekula mlango, lakini kinafunguka. Nimeanza kuunakili ukurasa wa kumi na nne. Msichana wa maktaba alinionyesha mashine yao ya kutolea vivuli, nikamwambia mashine zimenitosha, naandika kwa mkono. Naanza na mkono wa shati la Duane. Sentensi yako nimeiweka mwisho, sikuiondoa, maana ni kweli.

Kila Jumatano naweka nakala niliyoimaliza kisandukuni, kabla ya zamu kubadilishana, narudi dirishani. Wanaume wanatoka, wengine wanapita, mmoja anainama. Baadaye nikienda kutazama, mara nyingi hamna kitu. Nimemwona mlinzi wa lango akiitoa na kuitia mfukoni. Nimemwona pia kijana mmoja akiifungua palepale, akaifunga haraka, akaondoka nayo.

Wengi nyumbani wana sauna. Sijui wanasoma au wanawashia moto. Siwezi kumfuata mtu nikamuuliza, ni ya bure. Naketi naandika nyingine.

Lempi